Siku Tatu na Mama: Kampala hadi Visiwa vya Musambwa

Musambwa ni visiwa vitatu vidogo vya mawe ndani ya Ziwa Victoria, wilaya ya Kyotera, karibu kabisa na maji ya Tanzania. Ukitaka kumpeleka mzazi huko, anza na mila kabla hujagusa gari: mwanamke anaruhusiwa kufika na kutembea, lakini halali kisiwani. Wavuvi hawalijadili hilo, nawe huna sababu ya kuwajadilisha. Jina lenyewe linaeleza. Kwa Kiganda omusambwa ni mzimu wa mahali, unaokaa kwenye mwamba, mti au chemchemi, na mara nyingi hujionyesha kwa umbo la nyoka. Na nyoka kisiwani wapo.

Ukisafiri na baba, una nafasi ya kujipangia. Ukisafiri na mama, ratiba yote inapangwa kinyumenyume kuanzia saa ya kuondoka kisiwani. Saa hiyo tunaiweka saa saba mchana. Mila ingeruhusu hata jioni, ila upepo hauruhusu, na sababu yake imeelezwa kwenye siku ya pili.

SIKU MOJA KABLA

Kwenda na kurudi, pamoja na michepuko, weka hesabu ya kilomita 500. Gari la injini ya 1800 linalokwenda kilomita 11 kwa lita moja litakula lita 45. Jaza tangi Kampala, ongeza Kyotera, na usitegemee petroli ya chupa huko ziwani: ile huwa ni ya mitumbwi, na mara nyingi imeshachanganywa na oili.

Sehemu ya mwisho ya njia ni udongo na changarawe, yaani moramu. Moramu yenye matuta madogomadogo kama ubao wa kufulia haivunji gari kwa pigo moja, inalegeza. Vinavyolegea kwanza ni vichwa vya betri, mipira ya ekzosi na nati za shokapu. Kaza vichwa vya betri jioni hiyo na utembee na spana namba 10. Angalia presha ya tairi la akiba, maana ndilo husahaulika mwaka mzima. Halafu tia buti kipande cha ubao wa sentimita 30 kwa 30, unene wa vidole viwili. Mvua ikinyesha upande wa Sango Bay, kule ukingoni mwa ziwa, udongo hulainika na jeki huzama badala ya kuinua gari. Ubao ule chini ya jeki ndio utakaokutoa hapo.

Mfuko wa mama ni kazi nyingine. Gomesi, lile vazi refu la heshima la Kiganda, aipeleke ya kuvaa jioni mjini, ziwani abaki na sketi pana au suruali ndani ya kitenge. Gomesi ndani ya mtumbwi ni hatari ya kweli: mkunjo wa mbele hunasa kwenye misumari ya mbao, na kitambaa kikilowa kinakuwa mzigo. Viatu viwe vya mpira, vyenye kamba ya nyuma ya kisigino. Kandambili hubaki kwenye matope. Kofia ya kamba, sweta, lita moja na nusu ya maji, na mfuko wa nailoni wa kufunga simu na kitambulisho.

Akiwa anatumia dawa za presha zinazoongeza mkojo, muulize daktari wake mapema kama siku ya ziwa anaweza kuzimeza baada ya kurudi badala ya asubuhi. Mtumbwini hakuna choo, na mama wa heshima hatakuambia kwamba amebanwa. Atanyamaza tu, ateseke.

Kitambulisho cha taifa kinatosha kwa safari hii, kwa kuwa visiwa ni vya Uganda. Ila kama mnafikiria kuvuka mpaka wa Tanzania pale Mutukula siku ya tatu, chukueni pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mpango wa kusafiri kwa kitambulisho cha taifa ni wa Uganda, Kenya na Rwanda. Tanzania haimo, na watu hugundua hivyo wakiwa wameshapanga foleni.

SIKU YA KWANZA: KAMPALA HADI KYOTERA

Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, muwe mmeshapita Busega na Kyengera kabla magari hayajabanana. Mkichelewa kwa saa moja, mtailipa kwa mbili. Mama akae mbele, kiti kisogezwe nyuma hadi magoti yake yanyooke, na msimame kila baada ya saa moja na nusu atembee dakika kumi. Miguu ya mtu mzima ikining'inia siku nzima huvimba, na kesho yake anahitaji miguu hiyo kupanda mtumbwi.

Baada ya Mpigi kuna Mpambire, kijiji cha watengeneza ngoma. Mtaziona kando ya barabara, kubwa na ndogo, ngozi bado ina manyoya. Kama mama anaitaka, aichague sasa lakini mlipie siku ya kurudi, kwa sababu ngoma iliyolala siku mbili kwenye unyevu wa ziwa hulegea ngozi.

Kayabwe, kama kilomita 75 kutoka Kampala, ndipo Ikweta inapokata barabara. Pigeni picha, mnywe chai, muendelee. Wale vijana wenye beseni watawaonyesha maji yakizunguka kulia upande huu na kushoto upande ule. Ni mchezo wa mkono. Hatua chache kutoka kwenye mstari, nguvu ya mzunguko wa dunia haiwezi kugeuza maji ya beseni. Anayeyageuza ni yule anayeyamimina. Mpe chake kwa ustadi wake, lakini usimfundishe hivyo mtoto. Kinachofaa kufanywa pale ni kufungua dira ya simu na kuangalia namba ya latitudo ikisoma sifuri. Kesho mtaitazama tena, kwa kuwa mpaka wa Uganda na Tanzania umechorwa kwenye nyuzi 1 kusini, tangu makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890. Uzi mmoja ni kilomita 111 hivi. Safari yote kutoka hapa hadi mpakani ni kushuka uzi huo mmoja.

Kisha Lwera: maji pande zote mbili, mashamba ya mpunga, mashimo ya mchanga, na wauza samaki waliotundika kamongo na kambare juu ya vijiti. Msinunue leo. Barabara hapa imelala juu ya kinamasi, na Mei 2023 mafuriko ya mto Katonga yaliikata kabisa, magari yakalazimika kuzunguka kupitia Gomba na Sembabule. Ikiwa mvua ya masika imepiga wiki nzima, pigeni simu Masaka kabla ya kutoka nyumbani.

Lukaya ndipo pa kula: nyama ya mshikaki, gonja (ndizi) ya kuchoma, chai ya maziwa. Mshikaki wa mama uchagueni kwenye moto wenyewe, msichukue uliokaa kwenye sinia. Wachuuzi wanakimbilia dirisha la gari. Fungeni vioo, shukeni, mwende kwenye majiko kwa miguu. Bei hushuka na nyama huwa ya moto.

Masaka, kama kilomita 130, mtaingia kupitia Nyendo kabla ya saa nne ikiwa mlitoka kwa wakati. Wengi hulala hapa kwa sababu hoteli ni nyingi. Tunaona ni kosa. Ukilala Masaka, kesho una saa moja zaidi ya barabara kabla ya moramu, na saa hiyo ndiyo itakayokufikisha ziwani wakati mitumbwi imeshaondoka. Mama apumzike Masaka hadi mchana, atembee sokoni. Na kama ni Novemba, aone mabati marefu na mapipa ya kunasia senene, panzi wa kuliwa, na taa kali zinazowashwa usiku. Mzazi aliyekulia Buganda hana la kufundishwa kuhusu senene, yeye ndiye atakayekufundisha namna ya kuwang'oa mbawa na miguu bila kuwaponda. Mwonekano wa mji wenyewe una historia: mwanzoni mwa 1979 majeshi ya Tanzania yaliyokuwa yakimfukuza Idi Amin yaliuharibu vibaya, na sehemu kubwa ya mnachokiona imejengwa baadaye.

Kutoka Masaka, lami inapita Kalisizo hadi Kyotera, kilomita 44 hivi. Kalisizo kuna hospitali kuu ya wilaya. Iandikeni kichwani, hata kama hamtaihitaji. Kyotera lalani chumba cha chini, pasipo ngazi. Jazeni mafuta jioni hiyohiyo, si asubuhi. Mwombeni mwenye nyumba ya wageni chai ya chupa ya saa kumi na moja alfajiri, mlipe usiku.

SIKU YA PILI: KASENSERO, ZIWA, KISIWA

Saa kumi na moja na nusu muwe barabarani. Mnafuata lami ya Mutukula, kisha mnachepuka kushoto kuelekea ziwani, Kasensero. Tengeni saa moja na nusu hadi mbili. Punguzeni presha ya tairi kidogo tu, kama pauni 4 kutoka ile ya kawaida, ili gari lisiruke kwenye matuta madogo. Panapoteleza, gia ya pili, mguu uliotulia, bila breki za ghafla. Gari likianza kwenda upande, geuza usukani kufuata linakoelekea na uachie mafuta taratibu. Mama akiuliza kuna nini, mwambie ni matope tu.

Nyasi za Sango Bay zinaanza hapa, na misitu inayokaa ndani ya maji sehemu ya mwaka. Eneo hili lote, pamoja na mto Kagera na visiwa vya Musambwa, liliingizwa mwaka 2006 kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu za umuhimu wa kimataifa, hekta 55,110.

Kasensero ni mwalo, yaani mahali mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, na neno hilo halibadiliki ukiwa Uganda wala Tanzania. Lugha nayo inaanza kuchanganyika. Sangara anaitwa mputa na mwenye mzani, sangara na mnunuzi kutoka ng'ambo. Sato ni ngege, dagaa ni mukene. Vijana wa mtumbwi watamwita mama yako jjajja, yaani bibi, hata akiwa na miaka 55. Ni heshima, asichukie. Mtaongea Kiswahili bila taabu, na kwa wazee waliozoea upande wa pili, shikamoo inafungua mlango haraka kuliko noti.

Jiandikisheni kwanza kwa viongozi wa mwalo na kwa askari wanaolinda uvuvi, mseme mnakwenda wangapi, na mtumbwi gani, na mtarudi saa ngapi. Hii siyo karatasi ya bure: msipoonekana saa tisa, mtu anajua pa kuanza kutafuta. Msipige picha askari wala boti zao.

Sasa mtumbwi. Ulio chini ya futi 28 haukubaliki kisheria kwa uvuvi, nawe usiukubali kwa abiria. Inama uangalie sakafu: maji ya kina cha kidole ni kawaida ya mbao, lakini maji yanayopanda wakati mtumbwi umetulia ufukweni ni tundu. Kuwe na kidumu kilichokatwa cha kuchotea maji, makasia mawili mazima, kamba ya kuvutia mashine, plagi mbili za akiba na spana yake.

Usiulize tu bei. Uliza, “Nahodha, unaweka lita ngapi?” Mashine ya nguvu za farasi 25 ya mizunguko miwili hunywa karibu lita 10 kwa saa ikikimbizwa, na jibu lake litakuambia anahesabu safari ya muda gani na kama ameweka akiba. Taka theluthi tatu: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja ya shida. Tazama mchanganyiko ukifanywa. Kwa kipimo cha 50 kwa 1, lita 20 za petroli zinataka mililita 400 za oili. Wanaobania oili huua pistoni katikati ya ziwa. Wanaomimina kwa kukisia hulowesha plagi, mashine ikakohoa na kuzima kila inapopunguzwa mwendo, yaani hasa pale mnapokaribia mawe.

Jaketi la kuokolea lisiwe la kukalia. Mvalishe mama, funga mikanda yote, kisha liinue kwa mabega. Likipanda hadi masikioni ni kubwa mno, na majini litamtoka. Sponji ikiwa imebonyea na kuwa ngumu, jaketi hilo limekufa, omba jingine.

Kuhusu saa ya kuondoka. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, hewa inateremka kutoka pwani kwenda ziwani, mawingu yanaota juu ya maji. Ndiyo maana radi nyingi za ziwa hili hupiga usiku na alfajiri, na upepo wa mashariki huzisukuma kuja ukingo huu wa magharibi. Ukifika saa moja na nusu ukakuta mashariki kumekuwa cheusi, kunyweni chai na msubiri. Kukiwa kweupe, saa mbili muwe majini. Mchana mambo hugeuka: nchi kavu imepata joto, upepo unavuma kutoka ziwani kuja ufukweni, mawimbi yanapanda na kuvunjikia mwaloni. Mtumbwi unaorudi saa kumi unasukumwa na mawimbi kwa nyuma hadi ufukweni, na mama atashukia ndani ya maji yanayopiga magoti. Ndipo ile saa saba ilipotoka. Kati ya Juni na Agosti, kusi linapovuma siku nzima, hata hiyo inaweza kuwa imechelewa. Nahodha akisema leo hapana, ni hapana.

Kupanda: wapo vijana wanaobeba abiria mgongoni kuwatoa mchangani hadi mtumbwini kwa ujira mdogo. Kwa mama mwenye goti bovu, mlipe wa kumbeba na usione haya kwa niaba yake. Anayekataa kubebwa avue viatu vikavu, avae vya mpira, apite pasipo magugu, na akishapanda afute miguu papo hapo. Kichocho kimo kwenye maji ya ukingoni yenye konokono, na vijidudu vyake hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali.

Akae katikati, kwenye ubao wa chini, juu ya blanketi lililokunjwa mara nne. Mbele mtumbwi hupiga maji na kuumiza mgongo. Nyuma ni moshi.

Mkitoka mwaloni mtaona maji yakibadilika rangi. Ule ukanda wa kahawia ni Kagera, mto mkubwa kuliko yote inayoingia ziwa hili, ukimwaga udongo wa Rwanda, Burundi na Karagwe. Gugumaji nalo liliingia ziwani kwa njia hiyohiyo, na visiwa vyake vya kijani bado vinateremka. Hapa mwangalie nahodha. Mashine inayopoa vizuri hutema uzi wa maji pembeni, wenyewe wanauita mkojo. Gugumaji au nailoni ikiziba tundu la kunyonyea, mkojo unakuwa matone, kisha unakatika, na dakika chache baadaye mashine imeungua. Ukiuona umepungua, sema. Anatakiwa kuzima, kuinua mashine, kutoa uchafu kwa mkono, kuwasha tena na kungoja mkojo urudi kabla ya kuongeza mwendo. Anayejaribu kurudi nyuma kwa nguvu ndani ya gugumaji anazungushia mizizi kwenye propela, na hapo kazi inakuwa ya kisu.

Funga kwenye simu uchaguzi wa mtandao wa kujiendesha, la sivyo itadaka mnara wa Tanzania na kula salio kwa bei ya ugenini. GPS haihitaji mtandao: fungua latitudo ile mliyoiona sifuri Kayabwe. Sasa itasoma sifuri nukta tisa na kitu. Ikisoma 1.000 kusini mmeshavuka mpaka, na majini hakuna nguzo ya kuwaambia. Kwa wavuvi wa huku mstari huo una maana ya kushikwa mtumbwi na nyavu, kwa hiyo msimsihi nahodha “tusogee kidogo tu”.

Kisiwa mtakisikia na kukinusa kabla ya kukiona vizuri. Shakwe kichwa-kijivu huzaliana hapa, na Musambwa inahesabiwa kuwa koloni lao kubwa kuliko yote Afrika. Mawe yamepakwa chokaa ya kinyesi, harufu ya amonia inachoma pua, na kelele haikatiki. Mama mwenye pumu abaki upande upepo unakotoka.

Kushuka kwenye mwamba ndiyo hatua ngumu kuliko zote. Mwani wa kwenye mstari wa maji unateleza kama sabuni. Kijana mmoja ashike pua ya mtumbwi, mwingine asimame juu penye ukavu. Mama asishuke wimbi linaposhuka, kwa maana mwamba utakuwa juu ya goti lake. Angoje lipande, mtumbwi ulingane na jiwe. “Mama, bado… bado… haya, sasa.” Mkono apewe kwenye kiwiko, si kwenye vidole.

Wasalimieni wenyeji kwanza, mweleze mmekuja kutazama na mtaondoka saa saba. Sukari kilo mbili na mche wa sabuni ni adabu, si hongo. Muulizeni mwenyeji wapi panapitika, na yeye atangulie.

Nyoka hawauawi wala kurushiwa mawe hapa, na wao wamezoea watu. Hilo halimaanishi hawaumi. Tembeeni katikati ya njia, msitie mkono kwenye nyufa, msikalie rundo la nyavu wala magogo. Mtu akiumwa: asikimbie, kiungo kisikatwe, kisinyonywe, kisifungwe kamba ya kukaza. Pete na bangili zivuliwe, kiungo kifungwe kwenye kasia au ubao kisitikisike, na mtumbwi uwashwe mara moja kuelekea gari na Kalisizo.

Ndege wana taratibu zao. Shakwe hutaga juu ya jiwe tupu au kwenye nyasi chache, na yai lenye madoa halionekani mpaka umelikanyaga. Kaeni nje ya ukingo wa koloni. Mkiingia katikati, wazazi wote wanaruka pamoja, mayai yanabaki juani na kupikika, na kifaranga anayekimbilia eneo la jirani anadonolewa hadi kufa. Kofia ndiyo mwavuli wenu, mwavuli wenyewe ukifunguliwa unawarusha wote. Darubini ya 8 inatosha. Tazameni pia mnandi wakikausha mbawa na yangeyange weupe kwenye vichaka. Zamani mayai yalikuwa chakula na biashara kwa wavuvi, mkiuziwa, msinunue.

Saa sita na nusu anzeni kurudi mtumbwini. Nusu saa ni nyingi kwa kijana, kwa mama ni ya haki.

Mkifika Kasensero mapema kuna jambo la kufanya kabla ya kuondoka, ikiwa mama ana moyo nalo. Mwaka 1994 Kagera ilileta hapa miili ya waliouawa Rwanda, na wavuvi wakaitoa majini. Kwenye kumbukumbu ya Kasensero wamelala watu 2,875, na kwenye nyingine mbili za ukingo huu wa ziwa, Lambu 3,337 na Ggolo 4,771. Ni mahali pa kunyamaza, na dakika ishirini zinatosha. Mzazi wa umri huo atakumbuka pia kwamba ugonjwa ulioitwa slimu, ambao ni UKIMWI, ulitambuliwa Uganda kwa mara ya kwanza kwenye mwalo huuhuu mwaka 1982. Akianza kutaja majina ya watu wake, zima redio, endesha polepole.

Saa kumi muwe mmeondoka, ili moramu imalizike kabla ya giza. Kyotera, maji ya moto, gomesi, matoke.

SIKU YA TATU: KURUDI

Mutukula ni hiari. Kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa 2017, kinawagongea mihuri ya nchi mbili ndani ya jengo moja, lakini kuvusha gari kunataka bima ya huko na karatasi zake. Kwa saa mbili za kutembea, acheni gari Uganda mvuke kwa miguu. Kama mama amechoka, achaneni nako.

Samaki ndiye kazi ya leo. Agizeni jana yake kwa mtu wa mwalo awalete Kyotera asubuhi. Pimeni kwa rula: sangara asipungue sentimita 50, sato 28. Wadogo hukamatwa njiani na mtapoteza samaki na muda. Jicho liwe limejaa, shavu la ndani liwe jekundu, nyama ikibonyezwa irudi. Utumbo na mashavu vitolewe palepale, tumbo lijazwe barafu, kisha safu ya barafu, safu ya samaki, kilo kwa kilo. Tobolea boksi tundu dogo la chini na uweke beseni chini yake, maana samaki anayelala kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka huharibika upesi kuliko unavyodhani. Lukaya ongezeni barafu, Mpambire chukueni ngoma, na muwe mmepita Busega kabla ya saa tisa.

Nyumbani, osha gari chini kabla udongo haujakauka kwenye breki, rudisha presha ya tairi, kaza tena vichwa vya betri. Na kwenye kalenda ya mama weka alama wiki ya nane kuanzia siku ya ziwa: wiki hiyo choo kipimwe kichocho, chako pia. Kabla ya wiki sita mayai huwa bado hayaonekani, na dawa ya praziquantel ikimezwa mapema mno haiwaui minyoo wachanga.